Dada Aliyekula Ukuta

Ukuta wa jikoni kwetu Kadutu ulikuwa na shimo lenye ukubwa wa ngumi, na aliyelichimba alikuwa dada yangu, kwa kucha zake. Alilichimba polepole katika mimba yake ya kwanza, akiwa amekaa kwenye kigoda akingoja maji yachemke. Alikwangua tofali, akakusanya vumbi jekundu kiganjani, akalilamba. Kisha alijifuta midomo kwa pindo la kitenge akaendelea kupika, kana kwamba alikuwa ameonja chumvi tu.

Alikuwa dada yangu wa tumbo moja, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nimeletwa mjini kutoka kwetu Mudaka, upande wa Kabare, ili nimsaidie kazi za nyumba na nipate kusoma kwa masista. Alikuwa amenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye ulimi mkali, na ulimi huo niliurithi mimi bila ule ucheshi. Nampenda mpaka leo, nami sasa ni bibi kizee. Kwa hiyo asiyetaka kusoma maneno ya mtu mwenye hasira na atafute kitabu kingine.

"Yaya, uko unakula nini?" nilimuuliza siku ya kwanza nilipomkuta, nikimwita yaya kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Niko nakula nyumba," akanijibu. "Bwana alisema byake byote njo byangu."

Tulicheka mpaka maji yakamwagikia moto. Sikuona ajabu, maana nani hakujua kwamba mwanamke mwenye mimba hula udongo? Sokoni palikuwa na mama aliyeuza vipande vya udongo mweupe uliokaushwa kwa moshi, kando ya mafungu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Mama yetu naye, kila alipobeba mimba, alikuwa akienda kuvunja kichuguu nyuma ya zizi na kurudi na kipande ndani ya nguo. Kwetu udongo ulikuwa jambo la kuchekea, kama mtu anayekoroma.

Kwa shemeji yangu halikuwa jambo la kuchekea. Lazima nimweleze vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari hii humgeuza kuwa mtu mbaya, na mtu mbaya hakuwa. Alikuwa karani katika ofisi ya malori yaliyobeba magunia ya madini kutoka upande wa Mwenga na Shabunda. Alivaa suruali iliyonyooshwa kwa pasi, akapanda baiskeli bila kuinama, akasema Kifaransa kwa sauti ya padri. Jioni aliporudi kazini, kabla ya kuvua koti, alikuja kwanza jikoni kumwuliza mke wake alishindaje. Wanaume wengine wa mtaa walimcheka kwa hilo. Yeye hakujali.

Alichojali ni kadi. Miaka ile, Wazungu wakiwa bado wanatawala na mji umeacha jina la Kizungu na kurudishiwa lake la Bukavu, Mwafrika aliyesoma aliweza kuomba karatasi ya serikali iliyoshuhudia kwamba ameendelea, kwamba anaishi kama Mzungu anavyoishi. Aliyeipata hakusumbuliwa na polisi usiku, na watoto wake walikuwa na tumaini la kuingia shule za Wazungu. Lakini haikutolewa bure. Watu wa tume walikuja nyumbani. Walitazama choo, wakafunua mashuka, wakauliza kama mke anakaa mezani na mumewe au anakula jikoni na watoto. Waliuliza familia inakula nini. Na walimwuliza mke mwenyewe, sio bwana tu, kwa sababu ilisemekana kwamba mwanamume anaweza kuvaa ustaarabu asubuhi na kuuvua mlangoni kwake.

Ndiyo sababu chakula chetu kilibadilika. Shemeji aliomba kadi, akaambiwa tume itapita kabla mwaka haujaisha, bila kuambiwa siku. Tangu hapo bugali wa mtama ulitoka nyumbani kwetu kama mgeni aliyefukuzwa. Lengalenga, mchicha wetu, ikatoka. Sombe, majani ya muhogo, ikatoka. Majani ya maharage, ambayo dada yangu aliyapika na majani machachu ya ngai ngai kidogo mpaka ukalamba sahani, yakatoka. Ndagala ilitoka kwanza kuliko vyote, kwa sababu ya harufu. Vikaja mkate mweupe, wali mweupe, makaroni, siagi ya kopo, na chai yenye maziwa asubuhi, mchana na jioni. Chakula chetu chote kilikuwa cheupe kama meza ya hospitali.

Alitulisha hivyo kwa upendo, na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Alijinyima tumbaku, akajinyima bia ya Jumapili na wenzake, ili mke wake apate mkate wa duka. Alimkatia yeye kipande cha kwanza, akampakia siagi nene mwenyewe, mbele ya macho yangu, na huko kwetu sikuwahi kumwona mwanamume akimpakia mke wake kitu. Laiti angekuwa bahili. Bahili angetuacha tule majani.

Jioni tulifanya mazoezi. Shemeji aliketi upande wa pili wa meza, akajikohoza, akajifanya Mzungu wa tume.

"Madame, jana mangaribi mulikula nini?"

"Tulikula potage, na mukate, na beurre," dada alijibu, supu na siagi akizitaja kwa Kifaransa, mgongo wima, uma mkononi.

"Na kisha?"

"Na kisha tukalala na njala."

Shemeji alijaribu kukasirika akashindwa. Alicheka akificha uso kwa kitambaa cha meza, na dada akacheka, nami nikacheka kwa sababu wao wamecheka. Sijawahi kuona tena nyumba yenye furaha kama ile. Nataka lijulikane: tulikuwa na furaha, na ndani ya furaha ileile damu ya dada yangu ilikuwa ikiisha.

Ilianza na mlima. Kadutu ni mtaa wa miinuko, na bomba la maji lilikuwa chini ya barabara. Dada yangu, aliyekulia kwenye vilima vya Kabare akibeba ndizi kichwani huku akiimba, sasa alipanda na ndoo nusu, akasimama, akapanda, akasimama tena ameshika kifua. Halafu nikachukua ndoo mimi, yeye akapanda mikono mitupu, na bado akasimama. Midomo yake ilikosa rangi. Viganja vyake vikawa kama vya mtu aliyefua nguo mchana kutwa. Kucha, zile za kuchimbia ukuta, zikalainika na kubonyea katikati, ungeweza kuweka tone la maji juu yake lisianguke. Na kadiri alivyochoka ndivyo shimo la ukuta lilivyokua.

Na watu walisemaje? Walisema mji umemtakasa! Rafiki za shemeji, wakija kunywa chai, walimsifu kwamba Madame anaanza kuwa mweupe, kwamba mkate wa Wazungu unafanya kazi. Shemeji alifurahi. Nakumbuka alimwinua kidevu mkewe mbele ya taa, kama mtu anayetazama pesa mpya. Hasira niliyonayo kwa sifa hiyo sijui nitaizika wapi.

Shimo la ukuta shemeji aliligundua siku moja akitafuta kiberiti. Alifikiri ni panya. Akaliziba kwa udongo, akapaka chokaa juu yake ili tume isione. Kesho yake dada alikwangua chokaa.

"Hii ya leo ni nzuri zaidi," akaniambia. "Wameitia maziwa."

Alipopata kizunguzungu kanisani, katikati ya misa, shemeji aliogopa sana. Siku iliyofuata alimpeleka zahanati, mimi nikiwa nyuma nimebeba mwavuli. Nesi wa kiume aliyetupokea alijuana na shemeji. Walisoma magazeti pamoja jioni kwenye chama cha watu waliosoma. Alikuwa mtu makini. Alimvuta dada kope ya chini, akatazama ndani. Akatazama viganja, akatazama kucha.

"Mama," akauliza, "uko unakula budongo?"

Shemeji alijibu kabla yake. "Ah, non! Kwetu mu nyumba hakuna mutu wa kula budongo. Tuko bantu ba meza."

"Sikuuliza weye. Nimeuliza mama."

Dada yangu alimtazama mume wake. Mume wake alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayeomba, na huyu nesi jioni angekuwa chamani na wenzake. Dada akatabasamu. Ulimi wake, ambao haukuwahi kukosa neno, ulisema moja tu.

"Hapana."

Waswahili husema mficha uchi hazai. Dada yangu alificha na akazaa. Kilichomshinda ni kuishi baada ya kuzaa.

Nesi hakuamini, nadhani, ila hakuweza kumwita mke wa rafiki yake mwongo. Alisema damu yake ni nyepesi, inakosa chuma. Akatoa vidonge. Akasema ale majani mabichi yaliyopikwa, ale maharage, na zaidi ya yote ale maini. Shemeji alisikiliza kama mtoto wa shule. Njiani alirudia kila neno. Majani, alisema, tutaanza mara tume ikishapita, maana wanaweza kuja kesho na kukuta sombe jikoni. Vidonge atameza mezani, na chai. Na maini atanunua mwenyewe.

Baadaye maishani nilikuja kuwa mkunga, na kwenye masomo nilifundishwa mambo ambayo ningetoa mkono wangu ili nifundishwe mapema. Mwalimu wetu alikuwa sista mwenye miwani aliyependa kueleza. Alisema mwili wa mtu umejengwa na madini pia, kama vilima vyetu. Kuna chokaa ndani ya mifupa na meno, na mjamzito asipoila mtoto humnyang'anya mama yake. Na ile ndagala iliyokatazwa kwa harufu huliwa pamoja na mifupa yake yote, chokaa yake ikiwemo. Kuna yodini, na penye kukosa hiyo shingo za watu hufura, kama wale akina mama tuliowaona wakishuka sokoni kutoka vijiji vya juu. Kuna chumvi, kuna zinki. Na kuna chuma, ambacho ndicho kinachoipa damu wekundu wake na kuiwezesha kubeba pumzi kutoka mapafuni kwenda kila mahali. Chuma kikipungua, mtu anavuta hewa na hewa haifiki. Anapanda kilima akiwa anazama.

Alisema chuma chote kilichomo ndani ya mtu mzima kingetosha msumari mmoja. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya darasa nikilia kwa hasira. Msumari! Shemeji yangu alishinda ofisini akipokea magunia ya madini. Alikuwa akitutajia majina yake mezani kwa Kifaransa, bati, dhahabu, wolframu, akatueleza yanakwenda Ulaya kutengeneza nini na nini. Nchi nzima ilikuwa ikichimbwa na kupakiwa kwenye malori, na dada yangu alikuwa amekosa msumari.

Nilijifunza pia kwamba chai ikinywewa na chakula hushika chuma tumboni na kukizuia kisiingie, na maziwa nayo husaidia kuzuia. Kwa hiyo vile vidonge vilivyomezwa kila asubuhi kwa adabu, na kikombe cha chai ya maziwa, kidole kidogo juu, vingi vilipita tu. Na nilijifunza kwamba udongo nao si dawa. Huenda unanyang'anya tumbo hata kile kidogo kilichopo. Hamu ya kula ukuta ilikuwa njia ya mwili kupiga kelele, na sisi wote tuliisikia, mmoja akaicheka, mwingine akaipaka chokaa.

Bado nina deni la kueleza maini. Shemeji aliyanunua kweli, kila Jumamosi, kwa mchinjaji aliyewauzia Wazungu. Aliyaleta yamefungwa ndani ya jani la mgomba, akiyashika mbali na koti lake. Dada aliyapika na kitunguu, harufu ikajaa uani. Akayaweka mezani. Na kisha, kila Jumamosi, aliyahamishia kwenye sahani ya mume wake.

Kwa mama yetu maini yalikuwa ya wanaume. Ng'ombe akichinjwa, maini yalikwenda kwa baba na ndugu zake, na hakuna mwanamke aliyewahi hata kuuliza yana ladha gani. Kuku na mayai vivyo hivyo. Dada yangu aliweza kushika uma. Aliweza kukaa kiti kimoja na mumewe, akaweza kumwita kwa jina la ubatizo. Lakini kuyatafuna maini huku mwanamume ameketi mbele yake, hilo koo lake lilikataa.

"Kula, mama," shemeji alimsihi.

"Nilishakula yangu mu cuisine," dada alisema, akionyesha jikoni.

Naye alimwamini, kwa sababu alitaka kuamini, na kwa sababu maini yalikuwa matamu. Upande mmoja mume alikataza majani. Upande wa pili mila ya mama ikakataza maini. Katikati ya hayo mawili palibaki mkate mweupe na ukuta.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, mama yetu alikuja kutoka Mudaka, kama desturi, kukaa na binti yake mpaka ajifungue. Aliondoka alfajiri kwa miguu, akafika jua likiwa utosini, kikapu kichwani: unga wa mtama, maharage, furushi la lengalenga lililoloweshwa maji lisinyauke. Mama hakusema Kiswahili ila kidogo. Maneno yake yote aliyasema kwa Mashi, lugha ya kwetu, nami nayaandika kwa Kiswahili chetu. Alitua kikapu, akamtazama binti yake aliyekuwa mlangoni ameegemea fremu, na furaha ikamtoka usoni.

"Mutoto wangu, juu ya nini uko hivi? Nani iko anakunywa damu yako?"

"Ni mimba tu, mama. Ingia."

Shemeji aliporudi kazini alimsalimia mama mkwe wake kwa heshima zote, kichwa chini, kwa mbali, kama inavyopasa. Alimpa kitambaa kipya. Siku mbili alivumilia. Lakini mama alilala chini kwenye mkeka kwa sababu kitanda kilimpa kizunguzungu, alipika mtama uani juu ya mafiga, na hakukubali kabisa kula meza moja na mkwe wake, maana kwetu hilo ni aibu isiyosemeka. Na habari ilikuwa imepita chamani kwamba tume iko karibu, tayari imetembelea nyumba mbili za jirani. Shemeji hakulala. Hatimaye hakuthubutu kumwambia mama mwenyewe. Alimwomba mke wake aseme.

Na dada yangu alisema. Sikufurahi kulisikia na sifurahi kuliandika. Alimshika mama mikono akamwambia arudi nyumbani siku kidogo tu, wageni wa bwana wakishapita tutamtumia mtu, naye atakuja akae mpaka mtoto atembee. Dada yangu hakulazimishwa. Aliitaka kadi ile kama mumewe alivyoitaka. Alikuwa amekwisha kumchagulia mtoto shule, ile ya matofali ya njano karibu na ziwa, ambako watoto walivaa soksi nyeupe.

Mama hakubishana. Alimwekea mkono tumboni, akautuliza pale kwa muda mrefu, halafu akachukua kikapu chake kitupu. Mboga alituachia. Mara tu alipopinda kona, shemeji aliomba radhi, akazichukua akampa jirani.

Tume ilikuja wiki hiyohiyo, mchana: mabwana wawili Wazungu, na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia. Walitazama choo. Walitazama mashuka. Dada yangu alikuwa amevaa gauni la bluu lililoshonwa liwe pana, nywele zimechanwa, viatu kwenye miguu iliyovimba. Alisimama nyuma ya kiti chake akikishikilia kwa mikono yote miwili. Mimi tu, niliyekuwa mlangoni na sinia, niliona jinsi vidole vilivyokaza. Alijibu polepole, neno moja, pumzi, neno moja, pumzi. Potage. Mkate. Siagi. Ndiyo, tunakula pamoja.

Yule mama wa Kizungu alimgeukia mwenzake akasema Kifaransa, na shemeji alitutafsiria baadaye kwa sauti iliyotetemeka kwa furaha: alisema hajawahi kuona mke mtulivu hivi, mwenye haya na heshima, asiyeropoka. Dada yangu! Mwanamke aliyekuwa akitania mpaka wauza mkaa wakasahau bei! Alikuwa kimya kwa sababu hakuwa na pumzi.

Walipokwisha kuondoka, aliketi chini palepale kwenye saruji, miguu imenyooka, akacheka bila sauti.

"Tumeshinda," akasema. "Sasa munipe bugali."

Shemeji alitoka mbio. Hakutuma mtu, alikwenda sokoni mwenyewe, na tai yake shingoni, akarudi amekumbatia unga wa mtama na majani ya kila aina, ndagala imefungwa ndani ya gazeti. Nilipika mimi, lakini yeye alikaa jikoni akichochea moto. Mke wake alikula kwa mkono, amefumba macho. Shemeji alimtazama kila tonge mpaka likashuka. Nilimwona akifuta machozi, na nilijua si ya moshi. Alisema Jumapili atakwenda Mudaka mwenyewe, kwa baiskeli, kumwomba mama msamaha na kumleta.

Lakini damu haijengwi kwa sahani moja. Jumapili haikufika. Uchungu ulimshika dada yangu kabla ya wakati, asubuhi ya Ijumaa, na adhuhuri mtoto alikuwa amezaliwa hospitalini, wa kike, mdogo, mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Yuko hai, ana wajukuu, anatania watu sokoni, na nikimsikia kwa mbali hugeuka haraka kabla sijakumbuka. Mama yake alimwona. Alimshika, akamnusa kichwa.

Kisha alitoka damu. Haikuwa nyingi. Hilo ndilo wakunga walilolisema, na hilo ndilo ninalolisema mimi baada ya kushika mamia ya watoto: haikuwa nyingi. Wanawake wengine hutoka damu kama ile, wakanywa uji, wakarudi nyumbani kwa miguu. Lakini yeye hakuwa na akiba. Daktari aliagiza atiwe damu ya mtu. Shemeji alivua koti akatoa mkono, wakampima, ikawa damu yake haipatani na ya mke wake; nami wakaniambia mtoto hatolewi damu. Alikimbia kwenye korido ya hospitali akiwashika watu mashati. Nilikaa kitandani nimemshika dada mguu, na mguu ulikuwa baridi, baridi ikipanda kutoka chini. Aliniuliza kama mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha. Hakuuliza kitu kingine.

Mama aliletewa habari jioni ile, akafika kesho yake na wanawake wa kilima chetu. Dada yangu alikuwa amelazwa sebuleni, meza imesogezwa ukutani. Mama aliingia, akamfunua uso, akamfunika. Hakupiga yowe, wala hakuwaacha wenzake wapige. Alitoka uani alikokuwa shemeji, amekaa chini bila viatu, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa alimkaribia mkwe wake mpaka nguo zao zikagusana.

"Mutoto wangu amekufa na nini?"

Shemeji alisema neno la daktari, kwa Kifaransa. Mama akangoja. Alilisema tena. Mama akangoja. Ndipo shemeji akamwambia, kwa Mashi, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na watu wa chama.

"Damu. Alikosa damu. Walitafuta damu ya kumutia, wakakosa."

Mama alimtazama kama mtu asiyeelewa. Akakunja nguo yake mpaka mabegani, kwanza mkono mmoja, kisha wa pili, mikono ya kulima, myeusi, mishipa imesimama, akamnyooshea yote miwili usoni.

"Damu?" akasema. "Damu njo ilikosa? Na mimi niko kule Mudaka, nimejaa nayo?"

Shemeji aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti yake. Mama alibaki amesimama mbele yake, mikono imenyooka, mpaka wanawake wa kwetu walipokuja kuishusha.